Daktari John Gibbon na Mashine ya Moyo na Mapafu

Umekwisha kujifunza kwamba moyo husukuma damu mapafuni ili ipate oksijeni. Je, bonge la damu likiziba mshipa uendao huko, itakuwaje? Hata mgonjwa akipumua kwa nguvu, damu yake haitaifikia hewa.

John Gibbon alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1903. Alipokuwa daktari kijana mjini Boston, alikesha kando ya mwanamke mwenye bonge la namna hiyo, akimpima mapigo ya moyo. Asubuhi madaktari walimpasua upesi wakalitoa bonge, lakini mwanamke yule akafa. Gibbon akawaza: damu ingetolewa mwilini, ikapewa oksijeni nje, kisha ikarudishwa, huenda angeishi.

Yeye na mkewe Mary waliunda mashine, wakaijaribu kwa paka. Damu ilitandazwa nyembamba ndani ya chombo chenye oksijeni. Nawe wajua kwamba damu ikitoka mwilini huganda. Basi ilibidi waitie dawa ya kuizuia. Mwaka 1935 paka aliendelea kuishi ingawa mshipa wake uendao mapafuni ulikuwa umebanwa.

Kazi ilichukua miaka mingine 18, na katikati yake vita. Tarehe 6 Mei, 1953, binti wa miaka 18 alishonwa tundu la moyo, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26. Alipona.

Gibbon alifariki mwaka 1973. Siku hizi mashine za jamii hiyo huwasaidia baadhi ya wagonjwa wenye mabonge mapafuni.