Mgeni Alikuja Miami, Mwenyeji Hakupona

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunijia kila nisikiapo utalii ukisifiwa, nami naona maisha ya Henry Flagler, Mmarekani aliyeuza jua la Florida, yanaipima barabara.

Flagler alizaliwa mwaka wa 1830 katika jimbo la New York, mwana wa mhubiri asiye na mali. Akiwa na umri wa miaka 14 aliacha shule, akaenda Ohio kufanya kazi dukani. Mwaka wa 1870 alishirikiana na John D. Rockefeller kuanzisha kampuni ya mafuta ya Standard Oil, nayo ikamtajirisha ajabu.

Alifika Florida mwaka wa 1878 akimpeleka mkewe mgonjwa apate hewa ya joto. Baadaye alitambua kwamba jua na bahari vilikuwepo, ila njia na malazi ya kuwaridhisha matajiri havikuwepo. Mwaka wa 1888 akafungua hoteli ya Ponce de Leon mjini St. Augustine. Kisha akasukuma reli kuelekea kusini, akijenga hoteli njiani. Kampuni yake ikachapisha vijitabu vya kuwashawishi watu wa kaskazini wakimbie baridi. Hivyo, aliyemwalika mgeni ndiye aliyemsafirisha, na ndiye aliyemlaza.

Reli ilifika Miami mwezi wa Aprili 1896, baada ya Julia Tuttle, mjane mwenye ardhi huko, kumgawia sehemu ya ardhi hiyo. Mwezi wa Julai wakazi walikutana kuunda mji. Sheria ilidai wapigakura wasiopungua 300, na idadi hiyo isingetimia bila vibarua weusi, ambao walikuwa zaidi ya thuluthi moja ya waliopiga kura. Wapo waliotaka mji uitwe Flagler, lakini mwenyewe alikataa. Likabaki jina lililotokana na kabila la Mayaimi, ambalo lilikuwa limekwisha kutoweka. Sisi wanaisimu twajua kwamba jina la mahali aghalabu huishi kuliko wenyewe.

Je, wale vibarua walipata nini? Hati za mauzo ya ardhi ziliwafungia katika mtaa mmoja, ambao leo huitwa Overtown. Hoteli ya Royal Palm ilipofunguliwa mwaka wa 1897, milango yake iliwapokea weusi kama watumishi, si kama wageni. Katika miaka ya 1960 barabara kuu ikaupasua mtaa huo.

Flagler alifariki mwaka wa 1913, baada ya kuanguka ngazini katika kasri lake la Palm Beach. Si haki kumnyima sifa: aliiletea Miami maji, umeme na barabara. Hata hivyo, wanaoutangaza mji wowote wa pwani hutuhesabia wageni waliowasili. Mimi ningependa kwanza watuhesabie wenyeji waliopona.