Mboya, mtu wa Rusinga na kura za Nairobi

Tom Mboya amezikwa kisiwani Rusinga, Homa Bay, lakini kura alikuwa akiziomba Nairobi. Alizaliwa 1930, akapanda kupitia vyama vya wafanyakazi, na 1961 wakazi wa mji mkuu, wengi wao Wakikuyu, wakamchagua yeye Mjaluo.

Alikuwa katibu mkuu wa KANU chama hicho kilipoimeza KADU ya Ronald Ngala wetu wa Pwani, 1964. Waliuita umoja, mimi naona ndipo majimbo yalipozikwa. Wabunge wale walihama bila kurudi kwa mpiga kura. 1966 Odinga na wenzake walipohamia KPU, sheria ikageuzwa haraka, wakalazimishwa kurudi.

Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, Julai 5, 1969. Oktoba KPU ikapigwa marufuku.