Thomas Graham, mwalimu aliyefundisha Livingstone shimi

Mara hii sisi wa klasi ya sita tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake tunaliandika katika kaye zetu bila kujua alikuwa nani. Tunajifunza sheria ya Graham juu ya gazi, tunapiga hesabu, tunafunga kaye, basi. Wengine wanafikiri Graham ni jina la hesabu tu. Kumbe alikuwa mtu, mwana wa watu, na baba yake alimkasirikia juu ya shimi hiyohiyo.

Alizaliwa Glasgow, katika nchi ya Skotilandi, mwaka 1805, mwezi wa 12. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, na shauri lake lilikuwa moja: mtoto awe mchungaji. Thomas aliingia universite ya Glasgow akiwa na miaka 14. Kule alisikia masomo ya profesa Thomas Thomson juu ya shimi, na moyo wake ukashikwa kabisa. Baba alipoona kijana hataki kazi ya kanisa, akamkatia msaada. Mama yake na dada yake ndio waliomshikilia, naye akaenda Edinburgh kuendelea na masomo, akiandika na kufundisha ili apate chakula. Sisi tunaona baba hakuwa na roho mbaya. Nani wakati ule alijua kwamba mtu anaweza kuishi kwa kuchanganya maji na chumvi? Hata leo wazazi wengi wanapochagulia mtoto masomo wanaogopa neno lile lile, njaa.

Mwaka 1830 akawa profesa katika chuo cha Anderson, Glasgow. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1796 kwa mali ya marehemu John Anderson, ili hata watu wa kazi za mikono wapate elimu. Leo kinaitwa universite ya Strathclyde. Na hapa habari inafika karibu na kwetu. Katika wanafunzi wa Graham alikuwamo James Young, mwana wa seremala, aliyefanya useremala mchana na kusoma magaribi, kisha akawa msaidizi wake. Na mwaka 1836 aliingia kijana mwingine ambaye tangu miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha pamba: David Livingstone. Alisoma udaktari, na shimi aliisoma kwa Graham. Hawa wawili, Young na Livingstone, wakawa marafiki mpaka kufa.

Mwaka 1837 Graham aliitwa kufundisha London. Wanasema hakuwa na ulimi mwepesi mbele ya klasi. Lakini alijua kungoja, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Alitia chumvi iliyoyeyuka ndani ya chupa ndogo, akaiweka katika chombo kikubwa cha maji safi, akaiacha siku nyingi bila mtu kuigusa, kisha akapima chumvi iliyotoka. Akafanya vile na sukari, na ute wa yai, na sukari iliyoungua. Hesabu yake ya mwaka 1861 ni hii: kama asidi ya kloridriki inahitaji siku 1 kwa kutembea ndani ya maji, chumvi ya mezani inahitaji 2 na theluthi, sukari 7, ute wa yai 49, sukari iliyoungua 98. Tazama tofauti ile! Vyote vimo ndani ya maji, lakini vingine vinakimbia na vingine vinatambaa.

Vile vinavyotambaa akaviita koloidi, kwa neno la Kigriki la gundi. Akafunga chombo kwa karatasi ngumu inayofanana na ngozi, akaona chumvi na sukari zinapita, gundi inabaki ndani. Kazi ile ya kutenganisha akaiita dializi. Hata mkojo aliujaribu, akaona ure, ile takataka ambayo mafigo yetu yanaitoa katika damu, inapita katika karatasi.

Graham alifikiri koloidi ni ulimwengu mwingine wa vitu. Leo tunajua kwamba jambo kubwa ni ukubwa wa vipande. Mtu wa Bukama anaweza kuviona bila laboratware. Chota maji ya Lualaba wakati wa mvua, yaache katika ndoo usiku mzima. Potopoto nzito inaenda chini, lakini asubuhi maji yangali na rangi, juu udongo laini kabisa unakataa kushuka. Ile ni koloidi. Maji ya chumvi ya mama jikoni hayako vile: ukiyaacha hata mwezi, chumvi haishuki, na mwangaza unapita bila kuonyesha njia yake. Maziwa nayo, na wanga wa muhogo uliopikwa, ni ndugu za udongo ule.

Mwaka 1943, wakati wa vita, daktari Willem Kolff kule Holandi alitumia dializi katika mashini ya kusafisha damu ya mgonjwa ambaye mafigo yake yamekufa. Anayeugua mafigo huku kwetu anasafiri mbali sana kutafuta mashini ya namna ile, na wengine hawafiki.

Young naye alifuata njia ya kaboni. Mwaka 1850 alipata hati ya kutengeneza mafuta kutoka makaa ya mawe kwa moto wa polepole: mafuta ya taa, na parafini ya mishumaa, vyote ni kaboni na hidrojeni. Akawa tajiri, na mali ile ikalipa sehemu ya safari za Livingstone. Livingstone alifika Lualaba kule Nyangwe mwaka 1871, mbali sana chini ya Bukama, akidhani huenda ni Nili. Mto wa magharibi ambao alisikia habari yake tu, yaani Lomami, akaupa jina la Young. Jina lile halikushika, na sisi tunafurahi, maana Lomami lilikuwa na jina lake tayari.

Graham alikufa London tarehe 16 mwezi wa 9, mwaka 1869, bila mke wala mtoto, akiwa mkubwa wa kiwanda cha feza cha serikali tangu 1855. Young akalipa sanamu ya mwalimu wake, ikasimamishwa Glasgow, katika uwanja wa George Square, mwaka 1872. Mwaka ule ule Livingstone alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, akingoja wapagazi. Walipofika aliondoka, mwezi wa 8, akizunguka kusini ili arudi Lualaba. Hakuiona tena.