William Herschel: Mwanamuziki Aliyefagia Mbingu

Wahenga walilonga kuwa bandu bandu huisha gogo. Kauli hii huenda ikachukuliwa kuwa nasaha kwa mkulima au seremala, lakini yupo aliyeitimiza kwa kuitazama mbingu. Huyo ni William Herschel, mwanamuziki ambaye mnamo mwaka wa 1781 aliwafunulia walimwengu sayari wasiyoijua mababu zao. Katika Kiswahili tumerithi kutoka Kiarabu majina ya Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Orodha hiyo hukomea kwa Zohali kwa sababu tangu enzi za kale hakuna aliyejua kwamba kuna sayari nyingine ng'ambo yake. Wapo wasemao kuwa Herschel aliuvuka mpaka huo kwa bahati nasibu. Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba lile lilikuwa tunda la ratiba.

Herschel alizaliwa mjini Hannover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Babake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi, naye William akaingia katika bendi iyo hiyo angali kijana. Mnamo 1757, vita vilipoitikisa nchi yake, alihamia Uingereza akiwa hajatimiza miaka 20. Alijikimu kwa kunakili nota, kufundisha na kutunga muziki, hadi mwaka wa 1766 alipopata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Octagon mjini Bath. Mwaka wa 1772 alimchukua dadake, Caroline, ili waishi pamoja. Homa kali aliyougua utotoni ilikuwa imekidumaza kimo cha Caroline, na nyumbani kwao alikuwa akihesabiwa kama mtumishi tu. Nduguye alimfunza uimbaji, kisha hisabati.

Mnamo 1773 Herschel alianza kununua vitabu vya falaki. Kwa kuwa darubini kubwa zilikuwa ghali mno, aliamua kujiundia yake. Vioo vya darubini za aina hiyo wakati huo vilikuwa vya madini, mchanganyiko wa shaba na bati, navyo vilisuguliwa kwa mkono bila kuachiliwa. Aghalabu Caroline alilazimika kumlisha nduguye tonge kwa tonge huku mikono yake ikiwa kazini. Safari moja kazi hiyo ilidumu saa 16. Mnamo Agosti 1781 walijaribu kusubu kioo cha upana wa futi tatu katika chumba cha chini cha nyumba yao. Kalibu ilikuwa ya udongo na samadi ya farasi, ambayo Caroline mwenyewe aliitwanga na kuichekecha. Madini yaliyoyeyuka yalivuja yakatapakaa sakafuni, mawe ya sakafu yakapasuka na kurushwa huku na huko, nao wakatoka mbio kuokoa maisha yao.

Hata hivyo, lililomtofautisha Herschel na watazamaji wengine wa nyota ni lengo alilojiwekea. Alitaka kujua umbali wa nyota. Njia yenyewe ilikuwa imependekezwa zamani na Galileo: ikiwa nyota mbili zinaonekana kukaribiana, ilhali moja iko mbali sana nyuma ya nyingine, basi dunia inapolizunguka jua ile iliyo karibu itaonekana kusogea kidogo mbele ya mwenzake. Kwa sababu hiyo alihitaji jozi nyingi za nyota. Alizipitia nyota moja baada ya nyingine, kwanza zile zinazong'aa, na tangu Agosti 1779 hata zile hafifu zisizoonekana kwa macho matupu. Kila nyota aliikagua ili abaini kama ni moja au ni mbili.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, baina ya saa nne na saa tano, ukaguzi huo ulimfikisha kwenye mpaka wa kundinyota la Ng'ombe, ambamo mna Kilimia, na lile la Mapacha. Hapo aliona kitu kilicho tofauti na nyota. Alipoongeza ukuzaji wa darubini, nyota zilibaki nukta lakini kitu kile kilizidi kutanuka. Siku nne baadaye kilikuwa kimehama. Yeye alidhani ni nyotamkia. Wanahisabati, miongoni mwao Anders Lexell, ndio waliokokotoa njia yake na kuonyesha kuwa ni sayari. Ndiyo hii tuiitayo Uranus.

Je, hii ilikuwa bahati? John Flamsteed wa Uingereza alikwisha kuiandika sayari hiyo mwaka wa 1690 akidhani ni nyota. Pierre Le Monnier wa Ufaransa aliiona mara kadhaa bila kuitambua. Hawa walikuwa mabingwa wenye vyombo vizuri, ila walichotafuta ni mahali pa nyota, wala si sura yake. Herschel mwenyewe aliikataa hoja ya bahati. Kwake yeye, zamu ya kitu kile kukaguliwa ilikuwa imewadia.

Mwaka wa 1782 Mfalme George wa Tatu alimpa pauni 200 kwa mwaka. Ujira huo ulikuwa chini ya mapato yake ya muziki, lakini aliupokea na kuacha kazi ya muziki. Kuanzia 1783 alijipa mradi mpya wa kufagia mbingu ukanda kwa ukanda. Darubini yenye mtutu wa futi 20 ilielekezwa kusini, ikapandishwa na kushushwa huku anga ikipita mbele yake. Herschel alitaja kwa sauti alichokiona, na Caroline, akiwa mezani na saa yake, akaandika. Hadi mwaka wa 1802 walikuwa wamefagia mara 1,112 na kuorodhesha nebula na vishada vya nyota 2,500, ilhali orodha ya Charles Messier iliyotangulia ilikuwa na vitu zaidi kidogo ya 100.

Gharama ya kazi hiyo haikumwangukia William pekee. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783 Caroline aliteleza kwenye theluji, kulabu ya chuma ikamchoma juu ya goti na kumnyofoa nyama. Alipopona alirudi mezani. Baadaye aligundua nyotamkia nane, na mwaka wa 1828 alitunukiwa nishani ya dhahabu na chama cha wanafalaki cha Uingereza.

Si kila jambo lililofanikiwa. Darubini kuu ya futi 40, iliyokamilika mwaka wa 1789 kwa pauni 4,000 za Mfalme, ilikuwa nzito na ngumu kutumia, hivyo ikafanya kazi haba kuliko ile ndogo. Aidha, Herschel aliamini kwamba hata jua lina wakazi. Umbali wa nyota, aliouwania tangu mwanzo, hakuupata. Friedrich Bessel ndiye aliyeupima mwaka wa 1838. Badala yake, mnamo 1803 Herschel alitangaza kwamba baadhi ya jozi zake ni nyota zinazozungukana kweli. Jozi zile zile zilizomnyima jibu alilolitaka zilimpa jingine.

Herschel alifariki tarehe 25 Agosti 1822 akiwa na umri wa miaka 83. Huko Marekani, wapenzi wa nyota wasiolipwa chochote wamechagua vitu 400 kutoka orodha yake, nao huvitafuta kimoja kimoja na kuandika walichoona, hadi wavimalize. Msomaji mpenzi, huenda nawe una jambo ulipendalo lakini hulijui pa kulianzia. Andika orodha, kisha uanze na kilicho cha kwanza.