Duchenne: Mwana wa Nahodha na Chusa ya Tiba

Wahenga husema maji hufuata mkondo. Guillaume Duchenne hakuufuata. Alizaliwa mwaka 1806 mjini Boulogne-sur-Mer, bandari ya wavuvi kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, nahodha, alitamani mwanawe ashike usukani. Kijana akaiacha bahari, akasomea udaktari Paris, akahitimu mwaka 1831.

Akarudi kwao, akaoa. Mkewe akafariki kwa uzazi. Mtoto akalelewa na ukoo wa mama, mbali na baba. Mwaka 1842 Duchenne akaenda tena Paris. Hakuwa na cheo hospitalini. Alizunguka wodi kwa wodi na kisanduku chake cha umeme, akigusa ngozi za wagonjwa apate kujua msuli upi ungali hai. Wakubwa walimcheka, hata lafudhi yake ya pwani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Duchenne aliona watoto wa kiume wenye mashavu ya miguu manene kama ya mpiga makasia, lakini kuinuka sakafuni ni taabu. Vipi msuli mnene ukawa dhaifu? Akabuni sindano mfano wa chusa, ikachomoa kinyama kidogo kwa mgonjwa aliye hai, bila kumpasua. Chini ya hadubini aliona nyuzi na mafuta yamekalia mahali pa msuli. Mwaka 1868 akatoa habari za wagonjwa 13, na maradhi yakachukua jina lake. Alifariki mwaka 1875.

Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walitambua protini inayokosekana, distrofini. Leo wachunguzi humtumia samaki mdogo wa mito ya India, mwenye milia kama pundamilia. Akiwa mchanga mwili wake hupenya mwanga, na msuli ulioharibika huonekana angali hai. Wanabuni vijifereji vya kumtuliza na vifaa vya kupima nguvu zake. Chusa imebadilika, nia ni ile ile.

Dawa ya kuponya kabisa haijapatikana. Hata hivyo, mzazi, uwe Nyacheki vilimani Kisii au Lamu mchangani, mwanao akishindwa na mlima wa shule, mpeleke kwa daktari. Usiseme karogwa, wala usimlaumu mama yake. Maradhi hayo yana jina, nalo ni la mwana wa nahodha.