Daktari Livingstone na Vitabu vya Safarini

Jina la Daktari David Livingstone twalijua sote, maana hotuba yake ya mwaka 1857 huko Cambridge ndiyo iliyowaamsha watu walioanzisha Misheni ya UMCA. Safari zake zimesimuliwa mara nyingi. Leo twapenda kueleza jinsi alivyosoma.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha kusokota pamba, akafanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikiegemeza kwenye mashine, na kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja, halafu nyingine, katika kelele zile zote. Kisha akaenda shule ya usiku, na nyumbani akasoma tena mpaka mama yake akaja kumnyang'anya vitabu saa 6. Twamwelewa yule mama! Mtoto alitakiwa kazini alfajiri.

Mwaka 1841 alifika kusini mwa Afrika, tabibu na mmisionari. Mwaka 1852 Makaburu walivamia nyumba yake Kolobeng, katika Botswana ya leo, yeye akiwa safarini, wakavirarua vitabu vyake. Basi alipotoka Linyanti Novemba 1853 kwenda Luanda pamoja na watu 27, alichukua vitabu vichache mno: Biblia, na viwili vya nyota na hesabu vya kumwonyesha mahali alipo. Safari ile ilikwisha Mei 1854.

Hatusemi kwamba alikuwa mkamilifu. Mkewe Mary na watoto waliachwa Uingereza miaka mingi, nao walitaabika.

Jaribu kubwa lilimpata Manyema, katika Kongo ya leo, mwaka 1870. Sanduku la dawa lilikuwa limekwisha kuibwa, miguu ikawa na vidonda asiweze kutembea, na barua hazikuja. Katika kukaa kwake Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mimea.

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya CMS huko Nasik, India, alisoma ibada ya maziko, na moyo wake ukazikwa pale. Kisha yeye, Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili, pamoja na vitabu na madaftari yake, wakatembea miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kabla mwaka ule haujaisha madaftari hayo yalikuwa yamechapwa London.