John Wesley: mhubiri aliyehimiza mazoezi

Wapo wagonjwa wanaoamini kuwa roho ikitunzwa inatosha, mwili utajijua wenyewe. John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyeanzisha Umethodisti huko Uingereza, hakuwa wa mawazo hayo. Katika mahubiri yake ya mwaka 1768 aliutaja mwili kuwa miongoni mwa mali ambazo Mungu amempa mtu atunze, naye atadaiwa hesabu yake.

Si kwamba alizaliwa na nguvu nyingi. Alizaliwa Epworth mwaka 1703, katika nyumba ya watoto 19 ambayo karibu nusu yao walifariki wakiwa wachanga. Alipopelekwa shule ya bweni jijini London, wanafunzi wakubwa waliwanyang’anya wadogo nyama, naye akawa anashindia mkate. Hata hivyo, baba yake alimwagiza akimbie kuzunguka bustani ya shule mara tatu kila asubuhi, na mtoto alitii. Uzeeni aliitaja mbio hiyo kuwa moja ya sababu za afya yake.

Alikuwa mfupi na mwembamba. Akiwa na miaka 27 alianza kutema damu, na mwaka 1753 aliugua kiasi cha kudhani ni kifua kikuu; akajiandikia kabisa maneno ya kuwekwa kwenye kaburi lake. Akapona, akaishi miaka mingine 37.

Mwaka 1746 alifungua London mahali pa kuwapa maskini dawa bure. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha tiba za nyumbani, kwa kuwa wengi hawakuweza kumlipa daktari. Utangulizi wake ungeweza kusomwa kliniki leo: kula kwa kiasi, kunywa maji, kulala mapema na kuamka mapema, kutembea kwa anayeweza, na kupanda farasi kwa asiyeweza kutembea. Wanaoshinda wameketi wakisoma aliwataka wafanye mazoezi saa mbili au tatu kila siku. Yeye mwenyewe alisafiri takribani kilomita 400,000 maishani mwake, nyingi akiwa juu ya farasi, akihubiri.

Ila mgonjwa asikitafute kitabu hicho ili ajitibu. Kwa kifua kikuu, kwa mfano, Wesley alishauri mtu achimbe kishimo kwenye udongo wenye nyasi, alale kifudifudi na kupumulia humo robo saa. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za hospitali, na dozi imalizwe hata kikohozi kikikoma mapema.

Kwa wazazi nina jingine. Katika shule yake ya Kingswood, aliyoifungua mwaka 1748, watoto waliamshwa saa kumi alfajiri na michezo ilipigwa marufuku. Aliwaruhusu kutembea na kufanya kazi bustanini tu. Hapa sikubaliani naye hata kidogo. Wesley hakuwa na mtoto wa kumzaa, na nadhani inaonekana. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na rede, kamba au mpira wa makaratasi vinamtosha. Akirudi Jumapili na nguo za kanisani zina vumbi, mwogeshe, usimchape.

Januari 1785, akiwa na miaka 81, Wesley alitembea mitaa ya London siku kadhaa, miguu ikizama kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka, akiomba fedha za kuwanunulia maskini nguo. Baada ya hapo aliugua tumbo la kuhara, jambo lisiloshangaza kwa mzee wa umri huo. Alifariki Machi 2, 1791, akiwa na miaka 87.

Nyumba yake ya London bado ipo, na ndani yake kuna kiti kirefu chenye springi, kilichotumika kuiga mwendo wa farasi. Mtu hukikalia, akashika mikono yake, akawa anarukaruka. Hicho kilikuwa cha siku ambazo hakuweza kutoka nje.